Muziki Mzito, Wino Mzito: Somo Kutoka kwa Mchoraji wa Kunguru

Pita kwenye mabweni yetu usiku, utakuta wachoraji wa aina mbili. Wa kwanza anachora kimya kimya, mlango kaufunga. Wa pili hawezi kushika penseli mpaka hedifoni ziwe masikioni na muziki uwe juu. Huyu wa pili ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwa kifupi: "Unanipa mudi." Basi, mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba neno mudi limeshaeleza kila kitu.

Mimi naona halijaeleza. Ninasoma ualimu, mwaka wa tatu, na sisi watu wa ualimu tumezoeshwa kuuliza swali moja la kuudhi: jambo hili linafanyikaje hasa? Muziki ni sauti. Katuni ni wino kwenye karatasi, haina sauti hata kidogo. Sasa sauti inaingiaje kwenye wino? Na huzuni ya mtu, ambayo haina umbo wala rangi, inageukaje kuwa mtindo ambao msomaji wa mbali akiuona tu anasema, "Hii kazi ni ya fulani"?

Swali hili si la wachoraji peke yao. Mwakani wengi wetu tutasimama mbele ya madarasa, na ndani ya madarasa hayo watakuwepo watoto wanaochora mafuvu na usiku kwenye kurasa za nyuma za madaftari. Tutasema nini tukiyaona? Tukijibu hovyo, tunaweza kuua kipaji. Tukinyamaza hovyo, tunaweza kumwacha mtoto na mzigo asioweza kuubeba.

Nitatumia mfano wa mtu mmoja: James O'Barr, Mmarekani wa jiji la Detroit, na hadithi yake ya picha iitwayo The Crow, yaani Kunguru. Nimemchagua yeye kwa sababu msiba wake, muziki wake na mtindo wake vyote vinafahamika, na mwenyewe amevizungumzia hadharani mara nyingi. Twende hatua kwa hatua. Mwishoni kuna zoezi.

Tuelewane maneno kwanza

Neno la kwanza ni mtindo. Tukisema mtindo hatusemi kipaji. Mtindo ni maamuzi yale yale ambayo mchoraji anayarudia kila ukurasa: mstari uwe mnene au mwembamba, sehemu gani ya ukurasa ijazwe weusi, visanduku viwe vingapi, uso uonekane kwa karibu au kwa mbali, maneno yawe mengi au machache. Badilisha maamuzi hayo na mtindo umebadilika, hata kama mkono ni ule ule.

Neno la pili ni muziki mzito. Wengi tukisikia hivyo tunafikiria hevi metali: magitaa ya umeme yananguruma, mtu anapiga mayowe hadi mishipa ya shingo imesimama. Huo ni uzito kweli, ila ni uzito wa kishindo. Unakupiga kifuani, kisha unapita. Kuna uzito mwingine, wa mzigo, ambao unakukalia mabegani polepole na hauondoki wimbo unapoisha. Muziki wa namna hii unaweza kuwa wa sauti ya chini kabisa na bado ukawa mzito kuliko mayowe yote. Huu wa pili ndio tutakaokaa nao zaidi.

Neno la tatu ni hiyo mudi yenyewe. Hasira ya dakika mbili kwenye foleni ya kantini si mudi. Mudi ni kama majira: inakaa, na kila unachofanya unakifanya ndani yake.

Mchoraji na msiba wake

O'Barr alizaliwa mwaka 1960, akakua bila wazazi, akilelewa katika familia za malezi. Mwaka 1978 mchumba wake aliuawa na dereva mlevi. Piga hesabu: kijana alikuwa na miaka 18, mdogo kuliko karibu kila mtu anayesoma jarida hili.

Baada ya hapo akajiunga na kikosi cha Marines cha jeshi la Marekani. Huko walimtumia kama mchoraji, akawa anachora vielelezo vya vitabu vya mafunzo ya mapigano. Jambo hili dogo lishike, tutalirudia. Mwaka 1981, akiwa Berlin, Ujerumani, alianza kuchora hadithi yake mwenyewe.

Hadithi ni hii. Kijana Eric na mchumba wake Shelly wanavamiwa na genge la wahuni gari lao likiwa limeharibika barabarani. Wote wawili wanauawa. Mwaka mmoja baadaye Eric anarudi kutoka kwa wafu, akiongozwa na kunguru, na anawafuata wale wauaji mmoja mmoja. Zaidi ya msiba wake, O'Barr alichukua pia habari ya tukio la kweli la Detroit, ambapo wachumba wawili waliuawa kwa sababu ya pete ya uchumba yenye thamani ya dola 20.

Hapo utaona kazi ya kwanza ya huzuni. Ajali ya barabarani haina adui wa hadithi. Mlevi nyuma ya usukani, sekunde chache, imekwisha. Lakini genge lina sura, lina majina, lina mahali linapokunywa pombe. Huzuni ilimfanya mchoraji atafute hadithi yenye mtu wa kuulizwa: kwa nini? Kabla hata wino haujagusa karatasi, mudi ilikuwa imeshachagua kisa.

Hadithi haikupata mchapishaji haraka. Ilitoka mwaka 1989 kupitia kampuni ndogo ya Caliber Press, huko huko Michigan. Kutoka kuanza hadi kuchapishwa ilipita kama miaka minane. Kumbe mudi iliyoko kwenye kitabu hiki si ya usiku mmoja wa machozi. Ni ya miaka.

Muziki uliokuwa masikioni

Bendi iliyoacha alama kubwa zaidi kwenye kitabu hiki ni Joy Division, vijana wa Manchester na Salford, Uingereza. Walianza mwaka 1976 na safari yao ilidumu karibu miaka minne tu. Albamu zao ni mbili: Unknown Pleasures ya mwaka 1979 na Closer ya mwaka 1980. Mwimbaji wao, Ian Curtis, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa na sonona, alijiua Mei 1980. Alikuwa na miaka 23, mwaka mmoja tu zaidi ya umri wangu. Albamu ya pili ilitoka yeye akiwa ameshazikwa. Kwa hiyo O'Barr alipoanza kuchora mwaka 1981, nyimbo hizo zilikuwa sauti ya mtu aliyefariki karibuni.

Ukitaka kuelewa kilichotokea kwenye karatasi, sikiliza muziki huu kama mwanafunzi. Usiishie kusema "ni wa huzuni", sikiliza umejengwaje.

Kwanza, besi inabeba wimbo. Katika bendi nyingi za roki, besi inakaa nyuma na gitaa ndilo linaloimba. Hapa Peter Hook anapiga besi kwenye noti za juu, na mara nyingi ndiyo unayobaki ukiimba kichwani.

Pili, dramu zimetengwa. Prodyuza Martin Hannett alirekodi mapigo kwa namna ambayo kila pigo linasikika peke yake, likiwa na mwangwi, kama mtu anagonga mlango kwenye jengo ambalo wenyewe wamehama.

Tatu, kuna nafasi tupu. Vyombo havisukumani. Kati ya sauti na sauti kuna hewa baridi.

Nne, mwimbaji hapigi mayowe muda wote. Sauti ya Curtis ni ya chini, imetulia, na anachokisema ni kizito kuliko namna anavyokisema.

Ongeza na jalada la Unknown Pleasures, kazi ya Peter Saville: mistari myeupe inayopandana kama vilima, katikati ya weusi mtupu. Mistari hiyo ni mapigo ya redio ya nyota aina ya pulsa. Hata ambaye hajawahi kusikia bendi hii ameiona kwenye fulana. Ukiitazama vizuri ni karibu somo la katuni lililokamilika: weusi mwingi, weupe kidogo, na macho yote yanakwenda kwenye ule weupe.

Kutoka sikioni hadi kwenye karatasi

Mimi nimeona njia nne ambazo muziki huu umepita kuingia kwenye Kunguru. Nazipanga kuanzia iliyo rahisi.

Njia ya kwanza ni majina na sura. Ndani ya kitabu kuna polisi wawili, Kapteni Hook na Sajenti Albrecht. Hook ni jina la yule mpiga besi, na Albrecht ni jina alilowahi kulitumia mpiga gitaa wa bendi, Bernard Sumner. Sura ya Eric imetokana na Peter Murphy, mwimbaji wa bendi ya Bauhaus, na mwili wake mkavu wa misuli umetokana na Iggy Pop. Njia hii inafurahisha mashabiki, ila kwa kweli ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukiishia hapo umebandika picha za wasanii ukutani, mtindo bado haujaguswa.

Njia ya pili ni weusi. Kitabu kizima ni cheusi na cheupe, na mitaa ya Detroit usiku inakula sehemu kubwa ya kurasa. Uso wa Eric, uliopakwa rangi nyeupe, unatokea gizani peke yake. Rudi kwa Hannett: pigo la dramu linakuwa zito kwa sababu limezungukwa na ukimya. Kwenye karatasi, uso unakuwa mzito kwa sababu umezungukwa na wino. Weusi hapa unafanya kazi ile ile inayofanywa na ukimya kwenye wimbo. Mchoraji anayejaza weusi kila mahali ili "kionekane cha huzuni" hajaelewa. Giza linahitaji mahali pa kuishia, la sivyo jicho halioni chochote.

Njia ya tatu ni mapigo ya visanduku. Kama umewahi kushika jarida la zamani la Sani nyumbani kwa mjomba, unajua kwamba katuni inasomwa kisanduku baada ya kisanduku. Sasa chukulia kila kisanduku ni pigo, na ile nafasi nyeupe kati ya visanduku ni pumziko. Visanduku vidogo vilivyobanana vinakufanya usome haraka. Kisanduku kikubwa kisicho na maneno kinakusimamisha. Mchoraji hawezi kukulazimisha usome kwa kasi anayoitaka yeye, lakini anaweza kukupangia mdundo. O'Barr anafanya hivyo: kwenye mapigano mambo yanakimbia, halafu Eric akibaki peke yake maneno yanapungua na wewe msomaji unapunguza mwendo bila kuambiwa.

Njia ya nne ndiyo iliyonishika mimi. Ni sauti mbili ndani ya kitabu kimoja. Matukio ya sasa, yenye kisasi na damu, yamechorwa kwa wino mkali wenye kingo kali. Kumbukumbu za Eric na Shelly zimechorwa kwa kijivu laini, wino uliotiwa maji, mwanga kama wa asubuhi. Ukikisoma mara ya kwanza utadhani uzito wa kitabu uko kwenye risasi. Kisome tena. Kurasa zinazouma ni zile laini, kwa sababu unamwona Shelly anacheka na wewe tayari unajua ameshakufa. Ni ile ile siri ya sauti ya Curtis: jambo zito kabisa linasemwa kwa utulivu, na utulivu ndio unaokumaliza.

Kwa hiyo ni huzuni iliyochora?

Hapa ndipo watu wanaporuka hatua. Wanasema: alifiwa, akasikiliza muziki wa giza, kwa hiyo akachora giza. Ingekuwa hivyo, kila mfiwa anayechora angechora vile. Hebu tumwangalie mchoraji mwingine.

Philippe Druillet, Mfaransa aliyezaliwa Toulouse mwaka 1944, alikuwa mmoja wa waanzilishi wa jarida la Métal Hurlant pamoja na Jean Giraud anayejulikana kama Moebius, Jean-Pierre Dionnet na Bernard Farkas. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1975. Jina lile lina maana ya chuma kinachopiga mayowe, na mwaka 1977 Wamarekani walipoanzisha toleo lao waliliita Heavy Metal. Mwaka ule ule wa 1975 mke wa Druillet alifariki kwa saratani. Mwaka 1976 akatoa La Nuit, yaani Usiku.

Kwa jina hilo na msiba huo ungetegemea weusi. Unafungua, unakuta rangi zinawaka kama moto wa petroli. Visanduku vimepasuka, kurasa nzima zimejaa majengo ya kutisha na magenge ya pikipiki yanayokimbilia kifo chao. Hakuna ile hewa baridi kati ya sauti na sauti, na jicho halipati pa kupumzika. O'Barr alifiwa akapunguza. Druillet alifiwa akaongeza. Msiba unafanana, maamuzi hayafanani.

Mfano wa tatu ni Simon Bisley wa Uingereza. Huyu namleta kwa upande wa muziki wa kishindo. Kazi iliyompa jina ni Sláine: The Horned God, hadithi ya Pat Mills iliyotoka kwenye jarida la 2000 AD kuanzia mwaka 1989. Ameichora kwa rangi za kupaka, mashujaa wana misuli ambayo hakuna mwanadamu aliyenayo, na kila kitu kimetiwa chumvi. Mwaka 1993 alichora jalada la Thrall: Demonsweatlive la bendi ya Danzig, na ukiliona huhitaji kuuliza ndani kuna muziki gani. Hapa hatuhitaji kutafuta msiba. Kazi ya Bisley ina shangwe ya hevi metali, ile raha ya kupaza sauti mpaka mwisho.

Ukiwaweka watatu hawa pamoja utaona: muziki na mudi vinampa mchoraji upande wa kuelekea, lakini kutembea anatembea mwenyewe. Na kutembea kunahitaji miguu. O'Barr alijifundisha kwa kutazama sanamu za enzi za Renaissance, picha za kamera na watu halisi. Kumbuka pia vile vitabu vya jeshi: kielelezo cha mapigano kikikosewa, askari anajifunza kitu kibaya. Mtu aliyepita kazi hiyo anajua mkono unatoka wapi na mguu unakanyaga wapi. Huzuni isingempa hilo. Joy Division pia wasingempa.

Je, kuchora kunaponya?

Tunapenda kusema hivyo. "Andika, utapona." "Chora, utatua mzigo." Hata kwenye mihadhara yetu ya ushauri nasaha inatajwa kwamba sanaa inamsaidia mtu kutoa yaliyo moyoni, na kwa wengi ni kweli, hasa wakiwa na mtu wa kuwasaidia.

Lakini O'Barr mwenyewe amesema wazi kwamba kwake haikuwa hivyo. Alianza akitarajia kitabu kingemtoa kwenye maumivu, badala yake kila ukurasa ulimrudisha kule kule, na hasira ikazidi. Kisha kitabu kikawa filamu. Mwaka 1993, wakati wa kupiga picha, mwigizaji mkuu Brandon Lee, kijana wa miaka 28 ambaye alishakuwa rafiki wa O'Barr, alipigwa risasi kwa ajali na bunduki ya maigizo, akafariki. Filamu ilitoka mwaka 1994, na albamu ya nyimbo zake ikashika namba moja Marekani. Ndani yake Nine Inch Nails wameurudia wimbo mmoja wa Joy Division. Muziki uliingia kwenye wino, na wino ukarudi kuwa muziki. Kwa dunia ni mafanikio makubwa. Kwa aliyechora ilikuwa ni msiba juu ya msiba.

Mwaka 2011, zaidi ya miaka 30 tangu ile ajali ya 1978, lilitoka toleo jipya lenye kurasa ambazo hazikuwemo awali. Nikilitazama toleo hilo najiambia: mtu anaweza kuwa na kazi bora mkononi na bado jeraha likawa halijafunga. Ubora wa mchoro hautuambii hali ya mchoraji.

Hii inatuhusu nini sisi walimu watarajiwa

Tulipokuwa BTP, kwenye darasa nililopangiwa kulikuwa na kijana wa kidato cha pili ambaye pembezoni mwa daftari lake la Jiografia kulikuwa na usiku mtupu: nyumba, nguzo za umeme, mvua, na mtu mmoja anatembea. Ofisini walishamjadili. Mmoja akasema ana mapepo, mwingine akasema ni mvivu. Nilikaa naye mapumziko nikamuuliza, "Hii mvua umeifanyaje?" Akafunguka kama bomba. Akanieleza kwamba mistari ya mvua ameichora kwa rula ili iwe migumu, kwa sababu alitaka ionekane inapiga kelele, na yule mtu hakumwekea mdomo ili yeye awe kimya. Kijana wa miaka 15, anapanga kelele na ukimya kwenye ukurasa!

Siku iliyofuata nilimuuliza swali la pili, tukiwa peke yetu: "Na wewe nyumbani uko salama?" Akaniambia baba yake amefariki Januari. Nikamuomba ruhusa, tukaenda pamoja kwa mwalimu wa malezi, mama mmoja mtu mzima anayejua kusikiliza.

Maswali yale ni mawili, na ninashauri tuyashike hivyo hivyo. Swali la "umefanyaje?" ni la ufundi, na linamheshimu mtoto kama mchoraji. Swali la "unaendeleaje?" ni la ulezi, na linamheshimu kama mtu. Kosa linaanza tunapotumia moja kujibia jingine: kuona mchoro mweusi tukakimbilia kusema mtoto ni mgonjwa, au kuona mchoro mzuri tukadhani mtoto yuko salama. Mtoto mwenye furaha tele anaweza kuchora mafuvu kwa sababu tu anapenda hevi metali. Na mwingine anayechora maua kila siku anaweza kuwa ndiye anayehitaji mtu wa kuongea naye.

Hilo ni kwa wanafunzi wetu wa kesho. Kwako wewe uliyeko bwenini leo, na hedifoni masikioni, linasimama vile vile. Ukiona muziki haukuletei tena hamu ya kuchora bali unakuzamisha, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo, na rafiki wa chumba cha pili yupo. Kwenda kwao hakupunguzi usanii wako hata chembe.

Zoezi

Chukua karatasi mbili. Kwenye kila moja gawa visanduku sita. Kisa ni kimoja kwa zote mbili: mtu anafika kituoni, daladala la mwisho limeshaondoka.

Karatasi ya kwanza, chora ukisikiliza singeli ya kasi. Ya pili, chora ukisikiliza wimbo wa polepole unaokukalia mabegani, wa lugha yoyote. Usichore spika, usichore gitaa, usiandike jina la wimbo. Badilisha vitu vinne tu: unene wa mstari, kiasi cha weusi, ukubwa wa visanduku, na idadi ya maneno.

Ukimaliza, andika chini ya kila karatasi maamuzi uliyoyafanya, sentensi moja kwa kila uamuzi. Hapo ndipo utajua kama muziki umekufundisha kitu au umekusindikiza tu. Kisha mpe mwenzako ambaye hakusikia ulichosikiliza, bila kumwonyesha ulichoandika, na umuulize daladala la karatasi ipi limeondoka zamani zaidi.